Sura ya Sita: Ilipoishia

Mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu. Nilimkuta uani kwa mama yangu, Muheza, amejikunyata kwenye kigoda karibu na ukuta kwa sababu waya wa chaji ulikuwa mfupi. Alikuwa kwenye sehemu ya 37 ya riwaya ambayo mimi, ninayejiita mtu wa vitabu, sikuwahi kuisikia. Nikamuuliza ina sehemu ngapi kwa jumla.

"Sijui, mjomba. Hata mtunzi mwenyewe hajui."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nimekulia katika imani kwamba kitabu ni jambo lililokwisha: kimeandikwa, kimehaririwa, kimepigwa chapa, kimeshonwa, na mgongoni kina tarakimu zake kama ng'ombe wa mnada. Aliyekiandika anaweza kuwa amekufa zamani, kitabu hakijali. Na hapa palikuwa na binti anayekula chakula ambacho bado kiko jikoni, anayemjua mpishi kwa jina, ana namba yake ya simu, na anajua kwamba wiki ile mpishi alikuwa kitandani na malaria.

Kwa asiyewahi kuzisoma, hadithi hizi zina sura yake, na sura hiyo ni moja kutoka Mbeya hadi Mwanza. Juu kabisa jina la riwaya kwa herufi kubwa, chini yake jina la mtunzi, namba yake, na sehemu ya ngapi. Kisha neno ILIPOISHIA na aya moja ya kumkumbusha msomaji alikoachwa. Halafu SASA ENDELEA. Maneno kama mia nane baadaye mlango unagongwa, au simu ya marehemu inaita, au kama siku ile pale Muheza, mke anafungua mkoba wa mumewe anakuta barua, na papo hapo: ITAENDELEA. Hutumwa Facebook, kwenye makundi ya WhatsApp, na siku hizi Telegram. Zinazopendwa sana husomwa kwa sauti na kupandishwa YouTube, zikasikilizwa na mtu anayefua au mlinzi wa usiku.

Umbo hilo halikubuniwa na mchapishaji yeyote. Limekatwa na mkasi wa bando. Maneno mia nane yanamtosha abiria wa daladala aliyekwama kwenye foleni, na ndiyo mtu anayoweza kuandika kwa kidole gumba usiku mmoja akishatoka kibaruani. Isitoshe, maandishi hayali data. Kijana mwenye kifurushi cha siku akifungua video, saa nne asubuhi kimekwisha. Akifungua hadithi, kitamfikisha mpaka usiku na salio likabaki. Kila mara ninaposikia kwenye warsha kwamba vijana wetu hawasomi, huwa natamani kumwazima msemaji simu ya mpwa wangu kwa siku moja. Wanasoma mno. Hawanunui vitabu, na hilo ni jambo jingine.

Kukatakata hadithi si jambo geni vilevile. Wazazi wa vijana hawa walingoja jarida la Sani na vibonzo vyake. Baadaye Eric Shigongo akazitoa hadithi zake vipande vipande katika magazeti ya Global Publishers, zikaja kuwa vitabu, na nakala moja ya gazeti ilizunguka nyumba nzima, kisha kwa jirani, kisha ikafungia maandazi. Simu imerithi tabia hiyo. Jambo jipya ninaloliona mimi liko chini ya hadithi, pale ambapo wasomaji wanajibu.

Msimulizi wa zamani alisema "Paukwa!" na hakusogea mpaka asikie "Pakawa!" Shuleni tulifundishwa kwamba hicho ni kianzio, kana kwamba ni pambo la kufungulia mlango. Bibi yangu alikitumia kama bomba la daktari. Kwa "pakawa" ile alijua nani yuko macho, nani amenuna, nani keshalala na mdomo wazi. Usiku watu wakiwa wachovu, fisi alikufa mapema. Kesho yake, watoto wakiwa wamechangamka, fisi yuleyule alifufuka bila maelezo na kuongezewa shemeji. Hadithi ilikuwa na urefu wa wasikilizaji wake.

Maandishi yakaja, na yakatupa mengi. Edward Steere alipochapisha Swahili Tales kule London mwaka 1870, hadithi alizosimuliwa Zanzibar zilisafiri mbali kuliko msimulizi yeyote; lakini baraza lililoitikia lilibaki Zanzibar. Redio nayo ilirudisha sauti, ikarudisha na mikwaruzo ya koo. Siku za kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam tulikaa mduara kuizunguka redio kama tulivyomzunguka bibi. Tuliitikia, tena kwa kelele. Redio haikusikia.

Simu inasikia. Chini ya sehemu ya 37 palikuwa na maoni ya watu kadhaa: tupo pamoja, usitutese mtunzi, huyo bosi mwisho wake mbaya, inayofuata iko wapi. Mtunzi anayasoma yote, kwa kuwa hana kipimo kingine cha kazi yake. Wasomaji wakimpenda mhalifu, mhalifu ataokoka. Wakimchoka shujaa, atapata safari ya ghafla ya Afrika Kusini na hatutamwona tena hadi sehemu ya 60. Huo ni utunzi wa mdomo umepewa herufi, na wanaoudharau wasisahau kwamba ndivyo fisi wa bibi yangu alivyopata shemeji.

Hata hivyo nisiwe mshenga wa upande mmoja. Nimesoma hadithi hizi nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na ugonjwa wake mkubwa ni kutokuisha. Mtunzi anayelishwa na "tupo pamoja" haachi kwa hiari. Mhusika aliyezikwa sehemu ya 12 anaonekana sokoni sehemu ya 45, na mtunzi amesahau kabisa kwamba tulilia. Majina hubadilika njiani, Salma anakuwa Salha. Kazi ya kuyaona hayo ilikuwa ya mhariri, yule mtu mkimya anayeandika pembeni mwa mswada kwa penseli: "Huyu si alikufa?" Msomaji anayengoja kwa hamu hawezi kuifanya, maana yeye anataka kesho, na mhariri hutazama juzi.

Lakini mhariri huyo alikuwa wapi? Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka mswada wa hadithi ya vijana kwa mchapishaji mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja. Ulikaa miaka minne. Nilipokwenda kuuliza, swali la kwanza nililoulizwa ni kama hicho ni kitabu cha kiada au cha ziada, na la pili ni cha darasa la ngapi. Nikasema ni cha kusoma tu. Yule bwana alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeleta samaki kwenye duka la vipuri.

Nilikasirika, kisha nikajifunza hesabu yake. Kitabu cha picha cha mtoto ni ghali kabla hakijauzwa hata nakala moja: mchoraji alipwe, rangi nne zitengenezwe, karatasi ikunjwe kwa kurasa kumi na sita kumi na sita hata kama hadithi yako inatoshea kumi na moja. Ukichapa nakala mia tano, kila moja inakuwa na bei ya kuku. Ili ishuke lazima uchape maelfu, na maelfu yanataka ghala na mnunuzi. Mnunuzi huyo kwa miaka mingi alikuwa shule. Mwaka 2013 Tanzania iliirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya kutayarisha vitabu vya kiada, na wachapishaji binafsi wakapoteza mkate uliokuwa ukigharimia vitumbua. Kabla ya hapo Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulikuwa umeonyesha kwamba hadithi nzuri za Kiswahili zinaweza kuchapwa humu nchini iwapo kuna anayehakikisha kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kufika shuleni. Bila mtu huyo, mtoto wa Muheza alibaki na kitabu cha darasa, Biblia au Juzuu, na gazeti la maandazi.

Kwa wadogo zaidi, wale ambao hawajafika umri wa kugombana na mtunzi, mabadiliko yamekuja kwa njia nyingine, na sehemu yake moja ilipita jirani tu na kwa mama yangu.

Mwaka 2017 mkoa wa Tanga ukawa uwanja wa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Swali lilikuwa moja: je, mtoto asiyekwenda shule anaweza kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kutumia kishikwambi tu? Takriban watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vilivyochangwa na Google, vikiwa na programu za Kiswahili kutoka kwa makundi matano yaliyoingia fainali. Vijiji vingi havikuwa na umeme, hivyo vikajengwa vituo vya kuchajia kwa jua, na akina mama wa hapohapo wakapewa kazi ya kuvitunza. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki kuliendesha.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walisemekana hawajawahi kusoma shule, na asilimia 80 hawajawahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 makundi mawili kati ya yale matano, Kitkit School na onebillion, yaligawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na programu zote tano zikawekwa wazi, yeyote azichukue.

Nusu. Kuna wanaoishangilia namba hiyo na kuna wanaoiuliza nusu ya pili ilikwenda wapi. Mimi niko na makundi yote mawili. Lakini kinachonivuta zaidi ni kundi ambalo halikushinda. RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilitokana na kazi ya miaka mingi ya kuifundisha kompyuta kumsikiliza mtoto anayesoma kwa sauti na kumsaidia anapokwama. Waliokaa na mtoto anayejifunza wanajua ugumu wake. Mtoto hasomi kama mtangazaji, anasema "ki... ki... kiboko" huku akimtazama mbuzi anayepita. Mashine inayojaribu kuelewa hayo inajaribu, kwa gharama ya mamilioni, kufanya alichofanya bibi kwa kutega sikio.

Dar es Salaam kulikuwa na jaribio la bei nafuu zaidi. Katuni za Ubongo Kids zilianza kurushwa na TBC1 mwezi Januari 2014. Akina Kibena, Kiduchu, Koba, Baraka na Amani walikumbana na fumbo la hesabu au sayansi, na mtoto aliyekuwa nyumbani alijibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, ile ya kitochi. Hapakuwa na haja ya intaneti. Waliotengeneza walijua simu iliyomo mfukoni mwa baba ni ipi, wakaanzia hapo. Naona hilo ni jambo la busara kuliko programu nyingi nzuri ambazo zinafunguka tu kwenye simu za wageni waalikwa.

Kisha kuna vitabu vyenyewe, vile vya picha ambavyo hesabu ya kurasa kumi na sita ilivikataa. Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilianzisha African Storybook: hadithi fupi zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo, zote kwa leseni huria. Mwaka uliofuata Pratham Books wa India wakafungua StoryWeaver kwa mtindo huohuo. Leseni hiyo inamruhusu mwalimu wa Pangani asiyemjua mtu yeyote Johannesburg kuchukua hadithi, kuitafsiri, kubadili mwisho wake, kuipunguza iwafae wa darasa la kwanza, kuichapa kwa mashine ya ofisi ya kata na kuibana kwa pini. Hadithi ya kurasa kumi na moja inaruhusiwa kuwa na kurasa kumi na moja.

Hapo pana faida ambayo sisi Waswahili hatujaichimba vya kutosha. Mchapishaji wa karatasi analazimika kuchagua: mhusika apande daladala au matatu? Akichagua daladala, mtoto wa Nakuru anauliza ni nini. Akichagua matatu, mtoto wa Tabora anadhani ni hesabu. Kwa Lubumbashi, baiskeli ya hadithi ni kinga, wakati kwetu kinga hutolewa zahanati. Kwenye karatasi, kila toleo ni mashine kuwashwa upya. Kwenye kioo, hadithi moja inaweza kuwa na Kiswahili cha nyumba tatu, na hakuna anayemlaumu mwenzake kwamba kaharibu lugha. Walimu wa fasihi simulizi hutwambia daima kwamba ngano haina mwenyewe wala toleo sahihi. Leseni huria imefika palepale kwa njia ya wanasheria.

Nisisifu kupita kiasi. Hadithi nyingi za Kiswahili nilizozifungua humo ni tafsiri, na zinanuka tafsiri: mtoto "ana furaha kuhusu" kiatu, mama "anachukua" matembezi. Mchoro unaonyesha msonge wa kusini kabisa mwa bara, na mtoto wa pwani, aliyezaliwa chini ya makuti, anadhani ni banda la kuku la tajiri. Mfasiri wa kujitolea hana mtu wa kumwambia kwamba sentensi hiyo haiimbi. Tunarudi kwa mhariri yuleyule asiyelipwa. Ukinipa fedha leo nifanye jambo moja kwa vitabu vya watoto mtandaoni, sitanunua vishikwambi. Nitaajiri wahariri sita wa Kiswahili, watu wazima wenye masikio, na kuwapa kiti na chai.

Kuna wasomaji ambao karatasi haikuwa na la kuwapa hata ingekuwa bure. Nchini Kenya, kampuni ya eKitabu, pamoja na kutengeneza vitabu pepe kwa ajili ya wasioona, imetengeneza hadithi za video kwa lugha ya ishara ya Kenya, zikisimuliwa na viziwi wenyewe. Mtoto kiziwi huzaliwa mara nyingi katika nyumba ya watu wanaosikia, ambako jioni ya hadithi inapita mbele yake kama midomo inayochezacheza. Video hiyo huenda ikawa msimulizi wa kwanza aliyemtazama usoni.

Sasa pesa. Mtunzi wa mpwa wangu, baada ya sehemu ya ishirini hivi, alianza kuweka tangazo chini: anayetaka yote atume shilingi 1,000 kwa M-Pesa, atapokea faili. Hesabu yake si mbaya. Wanunuzi mia tano kwa mwezi ni laki tano, na hakuna ghala, hakuna duka, hakuna mrabaha wa asilimia kumi unaosubiriwa mwaka mzima. Tatizo ni mnunuzi wa kwanza. Akishapokea faili asubuhi, saa sita liko kwenye makundi kumi. Jioni kuna mtu amefuta jina la mtunzi, akaweka lake na namba yake mwenyewe, naye anauza kwa 500.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Lakini anayeandika kwa kidole gumba hawezi kumfungulia kesi kila mwenye kidole gumba. Watunzi wengine wamejifunza hila: kutotoa faili kamili hata siku moja, kuuza kwa kundi la kulipia lenye sehemu moja kila usiku. Mwizi ataiba jana. Hawezi kuiba kesho ambayo haijaandikwa. Ndiyo sababu nyingine hadithi hizi haziishi, na nilipoielewa niliacha kuwacheka akina Salma na Salha.

Turudi uani Muheza. Sehemu ya 38 haikuja usiku ule, malaria ilikuwa imemzidi mtunzi. Umeme nao ukakatika. Mpwa wangu, kwa kukosa la kufanya, akatusimulia sehemu zote 37 kwa mkupuo, mimi na mama na mtoto wa jirani, na kwenye ile barua ndani ya mkoba akanyamaza. Tukaanza kubishana imeandikwa na nani. Mimi nikasema hawara. Mtoto wa jirani akasema jini. Mama yangu, aliyekuwa anapeta mchele gizani na ambaye nilidhani hasikilizi, akasema bila kuinua kichwa: "Barua kaiandika mama mkwe mwenyewe. Anataka waachane."

Mpwa wangu akaiandika hoja hiyo kwenye maoni, akapata alama za kucheka nyingi.

Majuma mawili baadaye, nikiwa nimesharudi Dar, alinitumia ujumbe wa sauti akipiga kelele. Sehemu ya 41 ilikuwa imetoka. Mama mkwe ndiye aliyeandika barua, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane. Nikapiga simu nyumbani, nikaomba nizungumze na mama.

"Shikamoo mama. Umesikia habari ya barua?"

"Marahaba. Nimeambiwa." Akakaa kimya kidogo. "Na jina langu kaliweka?"

"Hapana, mama."

"Na bado anauza elfu moja?"

"Bado."

"Basi mwambie mjukuu wangu amwandikie huyo kijana," akasema mama. "Zilizobaki mimi anitumie bure."